Je, mozaiki ya kale huwa salama zaidi iking'olewa?

Wengi bado huamini kwamba sakafu ya mozaiki, yaani picha iliyopangwa kwa vipande vidogo vya mawe, ikifukuliwa haina budi kung'olewa na kubandikwa juu ya bamba la saruji ili idumu. Imani hiyo ilitoka kwa wataalamu wenyewe, kwani ndivyo walivyofanya katika sehemu kubwa ya karne ya 20. Kisha nondo zilizokuwa ndani ya saruji zikashika kutu, zikatanuka na kuipasua, huku chumvi zake zikipenya hadi kwenye vipande vya mawe na kuvibambua uso. Tena, kung'oa huharibu tabaka za chini za chokaa na kokoto, ambazo kwa mwanaakiolojia ni ushahidi usiopungua thamani kuliko picha yenyewe. Tangu ICCM, kamati ya kimataifa ya uhifadhi wa mozaiki, iundwe mjini Roma mwaka 1977, msimamo umeelekea kuitunza mozaiki papo hapo ilipo: kujaza mianya kwa lipu ya chokaa, kuondoa magugu, na mara nyingi kuifukia upya, jambo linaloweza kumkera mtalii lakini huikinga na mvua na nyayo zake. Maabara hubaki na kazi ya kuwaondolea wagonjwa wa zamani, yaani mozaiki zilizokwisha kung'olewa, saruji ile na kuwapa mgongo mwepesi, aghalabu wa paneli za alumini.