Santorini ni Menengai Iliyoingiwa na Bahari

Binamu yangu ni weita kwenye meli ya watalii huko Mediterania, juzi alikuja likizo Nakuru tukapanda naye Menengai, mlima wetu wa volkano, jioni, kila mtu na hindi lake la kuchoma. Akaangalia lile shimo akacheka, akasema hapa bahari ikiingia tu, basi ni Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki. Na si mzaha, zote mbili ni kaldera, yaani mlima ulijitapika mpaka ukabaki mtupu chini, halafu kichwa kikaporomoka. Yetu ni kama kilomita 12 kwa 8 na yao haipishani sana. Ile ya Ugiriki ilipasuka vibaya kama miaka 3,600 iliyopita. Hapo wenzetu wakaanza kumuuliza maswali, nikaona hata sisi wenye volkano nyuma ya nyumba tumejaza uongo kichwani.

"Ati unashuka unakuta lava inatiririka." Wapi! Mara ya mwisho kutema ni 1950. Volkano yenyewe sasa ni kisiwa cheusi katikati ya maji, Nea Kameni, unapelekwa na boti, unapanda kwa changarawe jua likikuchoma, kivuli hakuna hata cha dawa, na ukifika juu ni mvuke kidogo na harufu ya salfa, mtu wa Nakuru atauliza kwani nimelipia nini. Vaa viatu vya kufunga lakini, malapa yatakuaibisha. Anayetaka moto wenyewe atafute meli inayopita Stromboli usiku, kule Italia, huo mlima umerusha cheche zaidi ya miaka 2,000 na unauona ukiwa umesimama tu melini.

"Meli inafika gati, unatoka unatembea." Hii ndio inaumiza watu. Kumbuka wanaelea ndani ya shimo, kina kinafika karibu mita 400, sasa meli kubwa itie nanga wapi? Inabaki palepale majini, nyinyi mnashushwa na boti ndogo hadi bandari ya zamani, na mji wa Fira uko juu ya mwamba, unauangalia mpaka shingo inauma. Kuna vibanda vya vioo vinavyovutwa na waya, dakika chache tu uko juu, ila meli nne zikija siku moja foleni yake acha tu. Kuna ngazi karibu 600, na kuna punda, tena wanapita ngazi hizohizo, kwa hivyo angalia unapokanyaga. Tangu 2018 sheria yao inasema punda asibebe zaidi ya kilo 100, nikamwangalia mjomba, akajifanya hajasikia. Wanaonunua ziara ya meli yenyewe mara nyingi hushushwa bandari nyingine, Athinios, basi linawapandisha. Ukienda kivyako weka macho kwa saa, maana boti ya mwisho ikiondoka na meli inaondoka.

"Si kuna maji moto, tutachemsha mayai kama kule Ziwa Bogoria." Hapana jamani. Pale kisiwa kidogo cha Palea Kameni maji ni vuguvugu tu, tena boti haifiki pwani, unaruka baharini kwenye baridi halafu unaogelea mpaka huko. Nguo nyeupe usijaribu, matope yake ya rangi ya kutu hayatoki.

Mama mmoja akasema basi watu wa zamani wote waliungua. Hapa mimi mwenyewe nilikuwa nimekosea, nilidhani ni kama Pompeii, ule mji wa Italia volkano iliouzika na watu wake. Akrotiri, mji wa kale wa Santorini, ilifunikwa na majivu, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Spyridon Marinatos wakaanza kuifukua 1967, wakapata nyumba za ghorofa, picha ukutani, mifereji ya maji machafu, lakini maiti hakuna. Inaonekana mitetemeko iliwatisha wakaondoka mapema na vitu vya thamani. Siku hizi pamejengewa paa kubwa, na kwa jua la huko mimi ningeenda hapo kwanza kabla ya mahali pa kupiga selfi.

Na huyo anayesema volkano iliyonyamaza imekufa, mwaka 2025 mwanzoni ardhi ilitetemeka wiki kadhaa, watu zaidi ya 10,000 wakahama kisiwa. Hata Menengai wanachimba mvuke wa stima, sasa huo moto unadhani unatoka wapi?

Pesa pia. Tangu 2025 abiria anayeshuka Santorini kati ya Juni na Septemba anatozwa yuro 20. Na kuwa ndani ya meli hakukuondolei viza, pasipoti yetu inataka ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na kama meli itapitia Uturuki halafu irudi Ugiriki hakikisha yako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

Mwisho wakamuuliza kuhusu yale machweo ya Oia, kijiji cha kisiwani humo, kila mtu ameyaona kwa simu. Akasema Juni jua linatua saa mbili unusu na kitu usiku, meli nyingi zishaita watu wake. Yeye amefika Santorini mara nyingi mpaka amepoteza hesabu, na hajawahi kuyaona. Saa hiyo anapanga vijiko vya chakula cha jioni.