Joni Mitchell hakuwa mvivu wa gitaa

Kila nikimtaja Joni Mitchell mbele ya wapiga gitaa, hakosekani mmoja wa kusema: "Mtunzi mzuri yule, ila kwenye gitaa alikuwa anababaisha. Anafungua nyuzi, analaza kidole kimoja, basi." (Kufungua nyuzi ni kuzityuni upya ili zitoe kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, hata bila kushika kitu.) Juzi nimelisikia tena, safari hii kwa mtu anayelipwa kufundisha. Sasa imetosha.

Wasifu mbiombio. Kazaliwa Alberta, Kanada, 1943, kwa jina la Roberta Joan Anderson. Kakulia Saskatchewan, kaugua polio akiwa na miaka 9. Albamu ya kwanza 1968, ile ya Blue 1971. Na hapana, hakuimba kwenye tamasha la Woodstock. Wimbo wa tamasha lile aliutunga akiwa hotelini New York. Tuendelee.

Uzushi huu haufi kwa sababu una chembe ya ukweli. Chukua wimbo wake Big Yellow Taxi. Gitaa lipo E ya wazi: uzi wa tano na wa nne vimepanda toni moja moja, wa tatu nusu toni. Piga bila kushika kitu, ni E. Laza kidole freti ya 5 (kijichuma cha tano shingoni), A. Freti ya 7, B. Karibu wimbo wote huo hapo. Sawa, huo nawaachia.

Haya, leteni wimbo wa Coyote wa 1976. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba: C, G, D, F, C, E. Wa sita umeshuka toni mbili nzima, wa tano na wa tatu toni moja moja, wa pili umepanda nusu. Piga wazi, kisha niambie hiyo ni kodi gani. Ubaoni nitaandika C yenye 9 na 11, yaani kodi ya C (C, E, G) iliyoongezewa D na F, na hakuna atakayenikosoa, ila jibu langu mwenyewe silikubali sana. Jina hilo linadai kwamba E na F zikikaa pamoja, moja ni mwenyeji na nyingine mgeni. Mimi nikisikiliza, simwoni mwenyeji. Mitchell mwenyewe aliziita kodi za kuuliza, na nadharia niliyosomeshwa mimi haina kisanduku cha kitu kama hicho.

Sasa fikiria maana yake kwa mkono wa kushoto. Kila umbo ulilolihangaikia miaka yote limekufa. Ukishika Am haitoki Am. Unapapasa upya kama mtoto, ukimaliza wimbo huo unatyuni kingine unapapasa tena. Yeye alitumia tyuni, yaani mipangilio ya nyuzi, kama 50. Mvivu gani huyo?

Na mkono wa kulia hakuna anayeutazama! Alianza kwa kuiga mapigo ya mpiga gitaa Elizabeth Cotten kutoka kwenye santuri ya mafunzo ya mwimbaji Pete Seeger. Dole gumba likakataa kurukaruka kati ya nyuzi za besi, likang'ang'ania uzi wa sita. Basi besi inadunda pale pale huku kodi zinahama juu yake. Kwa bendi ya roki hiyo ni balaa, mpiga besi hajui amfuate nani. Russ Kunkel, mpiga dramu aliyekuwa akirekodi na wakubwa wote wa Los Angeles, ndiye aliyemshauri atafute watu wa jazi. Akaipata bendi ya L.A. Express kwa albamu ya Court and Spark ya 1974, kisha Jaco Pastorius na besi lake lisilo na freti.

Vitabu vinasema chanzo cha tyuni hizi ni polio, ilidhoofisha mkono wa kushoto. Mwenyewe amelisema hilo, nani nimbishie? Lakini wapiga bluzi walifungua nyuzi kabla hajazaliwa, kwa mikono mizima, na G ya wazi alionyeshwa na mwimbaji mwenzake Eric Andersen. Polio inaweza kueleza kwa nini alianza. Kwa nini hakutosheka na tyuni tatu nne kama wenzake, haielezi.

Kinachonichekesha, wanaosema haya ni watu wa rumba. Gitaa la mi-composé la Kongo ni nini, kama si kuutoa uzi wa nne na kuweka mwembamba unaolia oktavu moja juu? Mbona anayelipiga hamumwiti mvivu?

(Watu wa rumba pia watafuteni wimbo wake The Jungle Line wa 1975. Ngoma zile ni za Warundi, rekodi ya Burundi kwenyewe, juu yake gitaa na kinanda cha umeme cha Moog. Nani alilipwa nini, hilo lataka siku yake.)

Mwaka 2015 Mitchell alipasukiwa na mshipa kichwani, gitaa ikabidi alianze upya, akitazama video zake mwenyewe aone vidole vinakaa wapi. Julai 2022, jukwaani kwenye tamasha la Newport, akasimama na gitaa la umeme akapiga wimbo mzima bila kuimba. Ingekuwa ni kulaza kidole tu, video za nini?

Anayetaka kujaribu tyuni ya Coyote aweke seti ya nyuzi nene, ya 13. Kwenye seti nyembamba ya 10 uzi wa sita utalegea na kugonga freti, halafu mtasema tyuni ndiyo mbovu. Wa pili upandisheni mwisho, taratibu.