Je, wajua kwa nini choya nyekundu hugeuka kijani ukiitia magadi?

Mpwa wangu ana miaka 11, na katika hadithi zote za bibi yake ana moja tu anayoililia: ya mfalme mwenye kikombe cha kinywaji chekundu ambacho hugeuka kijani kila mtu mwenye hila akikishika. Likizo iliyopita, nyumbani Iringa, akataka tukitengeneze hicho kinywaji. Kwa kunywa, si kwa kuangalia.

Pa kuanzia nilipajua. Mabaki ya juisi ya choya yakimwagikia sufuria iliyopikiwa maharage ya magadi hubadilika hapo hapo, yakawa kama maji ya wino. Basi tukachukua juisi kidogo kwenye glasi, tukaongeza maji, nikadondoshea maji ya magadi. Povu likapanda. Wekundu ukapauka, ukawa zambarau, ukapita kwenye buluu chafu, ukaishia kwenye kijani cha mlenda. Mpwa akapiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu kwa sauti ya mtu mzima anayejua: magadi yanakula rangi, kama Jik inavyokula rangi ya kanga. Jibu hilo nimekuwa nalo tangu utoto na sijawahi kulitilia shaka. Yeye hakubisha. Alichukua kipande cha limao akakikamulia mle mle. Povu tena, na wekundu ukarudi.

“Mjomba, mbona imerudi? Si ililiwa?”

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Jik kweli huvunja rangi. Doa jeupe kwenye kanga halirudi kuwa jekundu hata ulifanyie nini. (Na usijaribu limao kwenye Jik: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.) Kama magadi nayo yangekuwa yanakula rangi, limao lisingekuwa na cha kurudisha. Nilijaribu kujitetea kwamba labda limao lenyewe lina wekundu wake. Mtoto akalikamulia kwenye maji matupu, yakabaki maji. Nikasema basi labda choya ina rangi mbili, nyekundu na kijani, na moja huzama. Hakunijibu, akaniangalia tu. Lililobaki ni moja: rangi ni ileile, imebadilika umbo.

Rangi yenyewe ni ya jamii iitwayo anthosianini, jina alilolitunga Mjerumani Ludwig Marquart mwaka 1835 kwa maneno ya Kigiriki ya ua na buluu. Ndiyo iliyomo kwenye kabichi la zambarau pia. Kwenye choya tunayokunywa haitoki kwenye petali. Kile kinachouzwa sokoni kikavu kwa jina la maua ya choya si ua, ni vile vifuniko vinene vinavyobaki vimelikumbatia tunda petali zikishaanguka.

Sasa fikiria basi linalotoka Makambako kwenda Mbeya. Makambako kuna upepo unaoingia mpaka mifupani, kila abiria yuko ndani ya sweta. Basi likishuka Igawa na Chimala, joto la Usangu linapanda, masweta yanavuliwa moja moja. Likipanda tena kufika Uyole, yanavaliwa. Ukisimama barabarani ukatazama madirisha, utadhani ni abiria wapya. Ni walewale.

Sweta kwa molekuli ya choya ni chembe ya haidrojeni yenye chaji chanya. Kwenye uchachu chembe hizo zimejaa tele, na juisi ya choya yenyewe ni chachu sana, pH yake (kipimo cha uchachu, kadiri namba inavyopungua ndivyo uchachu unavyozidi) huwa chini ya 3. Molekuli iliyovaa hufyonza mwanga wa kijani, na unaobaki kutufikia machoni ni mwekundu. Magadi kazi yake ni kunyang'anya hizo chembe. Molekuli ikivuliwa, hufyonza mwanga wa upande mwingine, wa njano na chungwa, nasi tunaona buluu. Njiani kuna kituo ambapo molekuli hushika maji na kukosa rangi kabisa, ndiyo maana juisi hupauka kwanza.

Na kijani? Hapa ndipo ninapopapenda. Hakuna rangi ya kijani mle. Safari ikiwa kali, abiria wengine huumia: molekuli zao hufunguka, zinakuwa za njano, na njano ikichanganyika na buluu ya zile zilizo nzima, jicho linasoma kijani. Kwa hiyo kijani cha mfalme ni dalili kwamba uharibifu umeshaanza, na ndiyo sababu wekundu uliorudi ulikuwa umefifia kidogo kuliko wa mwanzo.

Usiichukue hadithi ya masweta ukaieleza kila ua la buluu. Richard Willstätter, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1915 kwa utafiti wa rangi za mimea, aligundua kuwa waridi jekundu na ua fulani la buluu la mashamba ya ngano ya Ulaya yana rangi ileile, akahitimisha kuwa tofauti ni uchachu tu. Kumbe utomvu wa lile la buluu nao ni mchachu. Buluu yake hushikiliwa na madini, yakiwemo chuma na magnesi. Nilifarijika kiasi.

Kinywaji chenyewe: konzi ya choya kwa lita moja ya maji ya moto, tangawizi, robo saa, chuja, sukari. Magadi usiyanywe, kwani hapa kwetu mengi yana floraidi, na ladha ni ya maji ya maharage. Tumia soda ya kuokea, si ile poda ya kuumulia keki, maana poda ina asidi yake ndani. Kijiko cha juisi kwenye nusu glasi ya maji, na chembechembe za soda: inakuwa buluu ya kijivu. Kisha mimina juisi nzito yenye limao juu yake, iwe nyekundu mbele ya wageni. Ni hadithi kinyumenyume, lakini inanyweka.

Ile glasi ya kijani ya kwanza tulikuwa tumetenga nusu, tukaisahau dirishani. Asubuhi ilikuwa na rangi ya chai iliyochujuka. Mpwa akaikamulia limao zima. Ikatoa povu, ikabaki ya njano.