Vifungashio vinavyooza: shida yote inaanzia kwenye maji

Kazi yangu ni kutengeneza vifungashio vya chakula kutokana na vitu vya shambani na baharini: wanga, selulosi, mwani, maganda ya kamba na kaa. Swali ninaloulizwa kila siku ni hili, kama hivi vitu vinaoza vizuri hivyo mbona plastiki bado imejaa kila mahali? Wengi wanadhani ni hela tu. Hela ipo, lakini kabla hujaifikia hela unakutana kwanza na maji.

Ngoja nieleze. Unachukua wanga, unauweka kwenye maji, unaongeza glisarini kidogo, unapasha moto huku unakoroga. Ikifika nyuzi 60 mpaka 80 hivi, inategemea wanga umetoka kwenye mmea gani, punje zinavimba zinapasuka na yale maji meupe yanageuka uji mzito unaong'aa. Unaumimina kwenye sahani bapa, unausawazisha, unauacha ukauke siku moja au mbili, alafu unaubandua polepole kwa ncha ya kisu na hapo unapata utando mwembamba unaopitisha mwanga, ukiukunja unakunjika. Kazi ya glisarini ndo hiyo ya kulainisha, bila yenyewe utando ungekatika ukiugusa tu.

Sasa uguse kwa kidole kilicholowa. Unanata, unalegea, ukiuzidishia maji unaanza kurudi ujiuji. Molekuli za wanga zimejaa sehemu zinazovutana na maji, na kwenye huo unyevu ndo bakteria na ukungu wanapata njia ya kuingia na kuula. Yaani kile kinachoufanya uoze ndo kilekile kinachoufanya ushindwe kulinda chakula. Poliethilini, ile plastiki ya mifuko ya kawaida, ni kinyume chake, maji haiyataki kabisa, biskuti zinabaki kavu ndani yake na mfuko wenyewe unabaki kwenye mtaro miaka na miaka. Kwaiyo sisi tunatafuta kitu kitakachoyazuia maji mpaka chakula kiliwe, alafu baada ya hapo kikubali kuliwa na wadudu wadogo wa udongoni.

Kupima mvuke wa maji unaopenya kwenye utando ni rahisi ajabu. Kikombe kidogo, ndani unaweka chembe za silika zinazofyonza unyevu, mdomo unauziba kwa utando wako, unakiweka kwenye kabati lenye unyevu usiobadilika, kila siku unakitoa unakiweka kwenye mizani. Uzito ulioongezeka ni mvuke uliopenya. Kikombe cha wanga kinapanda haraka, cha poliethilini unaweza ukakaa siku nzima usione mabadiliko ya maana. Lakini ukipima oksijeni badala ya mvuke mambo yanageuka! Utando wa wanga ukiwa mkavu unazuia oksijeni vizuri kuliko poliethilini, na oksijeni ndo inayofanya vyakula vya mafuta viharibike na kunuka. Ndo maana nakataa wanga kuitwa dhaifu, una nguvu zake, ila zinapotea ukipata unyevu.

Kuna pia uzee. Utando ukikaa wiki kadhaa unakuwa mgumu kwasababu molekuli za wanga zinajipanga upya na kubanana, jambo lilelile linaloufanya mkate wa juzi uwe mkavu.

PLA, plastiki ya mimea, nitaipitia haraka. Inatokana na sukari ya mimea iliyochachushwa ikawa asidi ya laktiki, inang'aa, inapendeza, ila inalegea karibu na nyuzi 60 kwaiyo ikiwa peke yake kinywaji cha moto inakishindwa, na ili ioze vizuri inahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 13432 kinataka kifungashio kisagike ndani ya wiki 12 na asilimia 90 yake igeuke hewa ya kaboni ndani ya miezi 6, lakini hiyo ni kwenye mtambo. Ukiitupa PLA baharini itakaa sana. Hili linaniuma kwasababu mnunuzi anasoma neno "bio" anadhani amemaliza. Poliethilini ya miwa ni bio na haiozi, wakati plastiki nyingine inayoitwa PBAT kwa kawaida inatokana na mafuta ya petroli na inaoza. Asili ya kitu na mwisho wake ni mambo mawili tofauti, tafadhali ulizia yote mawili.

Ninayoipenda zaidi ni PHA, plastiki inayotengenezwa na bakteria. Mfaransa Maurice Lemoigne aliitambua aina yake ya kwanza, PHB, mwaka 1926 ndani ya bakteria. Bakteria wakiwa na chakula kingi cha kaboni lakini wamekosa kirutubisho kingine, mfano naitrojeni, wanaiweka PHB akiba mwilini kama sisi tunavyoweka mafuta. Maji haiyapendi, kwaiyo inakinga, lakini kwavile ni akiba ya viumbe kuna vimeng'enya vya kuivunja kwenye udongo na hata kwenye maji ya bahari. Tabu yake PHB ni kuvunjika kirahisi, alafu inayeyuka karibu na nyuzi 175 na ukizidisha kidogo tu juu ya hapo inaanza kuharibika, mwendesha mashine hana nafasi ya kukosea.

Kwa sasa napaka PHA kwenye karatasi. Karatasi ikiwa imenyooka majibu ni mazuri sana, mafuta hayapiti, maji hayapiti. Kisha unaikunja iwe boksi, na kwenye ule mkunjo, ukiweka chini ya hadubini, unaona ufa mwembamba kama unywele. Natonesha mafuta yaliyotiwa rangi nyekundu juu ya mkunjo, nasubiri, nageuza upande wa pili, na ule mstari mwekundu upo. Nimepunguza unene wa tabaka la PHA, nimechanganya na aina laini zaidi, mstari umefupika. Haujaisha bado, kesho nakunja nyingine.