Lita si kilo: asali ya Tabora na mawese ya Kigoma

Kila msimu wa kurina asali, wakaguzi wa vipimo hupokea malalamiko ya watu wanaodai kupunjwa. Mara nyingi mizani iko sawa, hesabu ndiyo iliyokosewa.

Lita hupima ujazo, kilo hupima uzito. Ni maji ambayo lita yake moja hukaribia kilo moja, na sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba kila kimiminika kiko hivyo. Lita ya asali ina takriban kilo 1.4, ya mawese kilo 0.9. Kwa hiyo mrinaji wa Sikonge, Tabora, anayekubali ndoo yake ya lita 20 ihesabiwe kilo 20 amemwachia mnunuzi kilo 8 bure, maana ina kama kilo 28. Kwa dumu la lita 20 la mawese ya Kigoma anaumia mnunuzi: amelipia kilo 20, amebeba 18. Ukiuza ndoo ya asali shilingi 140,000, gawanya kwa 28. Umeuza kilo kwa 5,000, si 7,000.

Tunaletewa pia chupa za nusu lita zenye lebo ya gramu 500, asali imeishia chini ya mabega ya chupa. Gramu 500 za asali hujaza kama mililita 355 tu, hivyo muuzaji hana kosa. Pimeni kwanza, jamani, ndipo mlalamike.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma ina maji mengi zaidi, na ndoo yake haifiki kilo 28. Wepesi huo ni wa asili, si dalili ya kuchakachuliwa.

Kabla ya kupima, hakikisha mshale uko kwenye sifuri. Pima ndoo tupu, andika uzito wake, mimina, subiri povu litulie, pima tena, kisha toa uzito wa ndoo.

Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, mizani ya biashara huhakikiwa kila baada ya miezi 12 na kubandikwa stika. Ikifunguliwa kwa matengenezo, irudishwe kuhakikiwa upya hata kama stika bado ni ya mwaka huu. Mizani ya jikoni au ya kupimia watu hairuhusiwi kwa biashara, hata ikisoma sawasawa. Anayekiri kosa hutozwa faini. Anayekana hufikishwa mahakamani, ambako adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili.