Ramani moja, bili mbili

Katika miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipima nyumba za Twin Rivers, New Jersey, Marekani, zilizojengwa kwa ramani moja. Zipo zilizotumia nishati ya kupasha joto mara mbili ya nyingine, au zaidi. Familia ikihama na nyingine ikaingia, matumizi nayo yalibadilika, ilhali kuta ni zile zile.

Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa 1. Wati za kifaa huamuliwa siku ya kukinunua. Muda wa kukitumia huamuliwa kila siku, na mara nyingi tunabana mahali pasipo na kitu. Chaja ya kisasa iliyoachwa kwenye soketi bila simu hula chini ya nusu wati, yaani haimalizi nusu uniti kwa mwezi. Hita ya kuogea ya wati 5,000 hula kiasi hicho ndani ya dakika 5. Watu wawili wanaooga kila siku, kila mmoja akifupisha kuoga kwa dakika mbili tu, kwa mwezi wataokoa zaidi kuliko kuchomoa chaja mwezi mzima.

Vifaa vya joto ndivyo vya kuchunga. Lita 1 ya maji kuchemka huhitaji takriban uniti 0.1, hivyo pima maji kwa kikombe kabla ya kuyatia kwenye birika. Pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja. Sufuria ifunikwe.

Friji ina kosa lake. Namba za kwenye kitufe cha kuzungusha si nyuzi joto: kwa kawaida namba kubwa ni baridi zaidi. Wengi hukipeleka mwisho ili chakula kipoe haraka, lakini kompresa ya kawaida, yaani mashine inayopoza friji, ina kasi ileile. Inachopoteza ni nafasi ya kupumzika. Nyuzi 4 zinatosha, na friza 18 chini ya sifuri. Bana karatasi mlangoni, kisha ivute: ikitoka bila kukaza, mpira umechoka na hewa ya nje inaingia.

Ukitaka kujua nyumba yako inakula nini sasa hivi, tazama taa ndogo ya mita inayomweka. Pembeni yake huandikwa namba kama 1000 imp/kWh, yaani mimweko 1000 kwa kila uniti. Hesabu mimweko kwa dakika 1, zidisha kwa 60,000, gawanya kwa namba hiyo. Jibu ni wati. Mimweko 5 kwenye mita ya 1000 ni wati 300. Ukizipata baada ya kuzima taa na kuchomoa kila kitu, friji ikiwemo, anza na vilivyounganishwa moja kwa moja ukutani, hasa hita ya tangi na pampu ya maji. Navyo vikiwa vimezimwa na taa bado inamweka, mwite fundi apime kama kuna waya unaovujisha umeme.