Mninga mkavu nao hucheza

Hapa Tabora kuna imani ya siku nyingi: mninga ukishakauka umekauka, hauvimbi tena wala hausinyai. Kwa hiyo droo ikikwama Januari, lawama zote ni za fundi. Kaweka mbao mbichi!

Wakati mwingine kweli kaweka. Lakini hata mbao kavu hunywa unyevu wa hewa mvua zinapoanza Novemba, na huutoa kiangazi kinapokolea. Mninga unasifika kwa kucheza, yaani kuvimba na kusinyaa, kidogo kuliko miti mingi, na nadhani imani ilizaliwa hapo. Ila kidogo si sifuri.

Pima meza yako Septemba, uipime tena Februari. Urefu, yaani kufuata nyuzi, hutaona tofauti. Upana ndio unaobadilika, tena kuzunguka pete za gogo mbao hucheza karibu mara mbili ya kuelekea kiini. Vanishi huchelewesha tu, na uvunguni mwa meza mara nyingi haikupita kabisa.

Sasa tikisa paneli ya mlango wa kabati la zamani. Ikigonga-gonga, usiipigilie msumari. Fundi aliiacha makusudi bila gundi ndani ya mfereji wa fremu, ipate pa kutanukia masika na pa kurudi kiangazi. Ukiibana pande zote, kiangazi itapasuka.

Na ile droo ya Januari, usikimbilie randa. Utaipunguza, kisha Septemba ipwaye. Subiri Julai. Ikiwa bado inakwama, hapo mrudie fundi wako.